Jiwe la Thelathini na Nane

Siku Mzee Chokaa alipokosekana ilikuwa Jumanne, na hakuna aliyejua kwamba amekosekana mpaka jua lilipozama. Alfajiri alitoka kwake na ndoo ya chokaa, brashi mbili na fyekeo, akasimama kando ya barabara kuu, akalipungia mkono lori la kwanza, likamchukua. Ndivyo alivyofanya kila wiki kwa miaka thelathini na moja. Kazi yake ilikuwa kuyatunza mawe ya umbali: kufyeka majani yaliyoyazunguka, kuyapaka chokaa, na kuzipitishia namba zake rangi nyeusi. Idara ya barabara ilikuwa imemstaafisha miaka miwili nyuma, lakini yeye aliendelea. Wakimuuliza kwa nini hapumziki, alijibu kwamba barua ya kustaafu aliandikiwa yeye, mawe hayakuandikiwa.

Jioni binti yake alimpakulia chakula, akakifunika. Asubuhi kilikuwa kimefunikwa vilevile. Hakusubiri zaidi, akaenda polisi.

Sasa zilikuwa zimepita siku tisa. Ilikuwa Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, na Inspekta wa upelelezi alikuwa mezani kwake akilipanga jalada la kesi karatasi moja moja. Kesho yake saa tatu mtuhumiwa angepelekwa mahakamani kwa kosa la mauaji. Mtuhumiwa alikuwa mkwe wa mzee, mume wa yule yule binti aliyekuja kutoa taarifa. Alikuwa fundi wa kuchomea vyuma.

Jalada lilikaa vizuri. Inspekta alilipitia tena, kama mtu anayejaribu mlango aliokwisha kuufunga.

Kwanza, ugomvi. Fundi alikuwa amepata kazi ya kutengeneza na kusimika mabati mapya ya bluu ya kuonyesha kilomita, yale ambayo yangechukua nafasi ya mawe ya mkwewe. Jumatatu jioni watu sita walimsikia nje ya karakana yake akimwambia mzee: "Baba, hayo mawe yatang'olewa, na ukiendelea kuyakumbatia utang'olewa nayo."

Pili, simu. Jumanne saa nne na dakika kumi, dereva wa lori alipiga kituoni kusema kuna mzee ameumia kando ya barabara. Kitabu cha taarifa kilionyesha mahali, kwa mwandiko ambao haukuwa na mfano kituo kizima: KM 38.

Tatu, Inspekta mwenyewe. Siku ile doria ilikuwa yake. Dakika arobaini baada ya simu alikuwa amesimama kwenye kilomita thelathini na nane, na hapakuwa na mzee. Palikuwa na fundi, pikapu yake, na saruji mbichi mikononi. "Umeona mzee yeyote hapa?" "Hapana afande, niko hapa tangu saa mbili."

Nne, binti. Maelezo yake yalisema: "Baba aliniambia wiki hii anaanzia thelathini na tano."

Thelathini na tano mpaka thelathini na nane. Mzee alikuwa anaelekea pale pale alipokuwa mkwewe. Alionekana ameumia, na dakika arobaini baadaye hayupo, na mtu pekee mwenye gari la kubebea alikuwa pale. Askari ishirini walifyeka majani siku tatu, toka kilomita thelathini na tano hadi arobaini. Walichimba hata nyuma ya karakana. Maiti haikupatikana, lakini mkuu wa kituo alisema jalada linajitosheleza.

Kilichobaki ni maelezo ya dereva, ambaye baada ya ile simu alikuwa amevuka mpaka na mzigo wake. Sasa alikuwa amerudi, na alikuwa kwenye benchi la nje.

Koplo wa kaunta, mama wa makamo ambaye wote walimwita Mwandiko, alimwingiza. Dereva alikuwa mtu mnene, na kofia yake aliikunja mikononi kama anakamua nguo.

"Mzee mmempata?" aliuliza kabla hajakaa.

"Hapa maswali nauliza mimi," Inspekta alisema. "Kaa. Ulikuwa unatoka wapi, unaenda wapi?"

"Natoka hapa mjini, naenda mpakani. Nimebeba petroli."

"Ukamwona mzee."

"Nikamwona mkono. Alikuwa chini ya tuta, ametoa mkono tu, anapunga na brashi. Nikasimama. Aliteleza wakati anafyeka, nyonga ikavunjika. Alikuwa hawezi hata kugeuka."

"Amevunjika, hakupigwa?"

"Apigwe na nani, afande? Hakukuwa na mtu. Mzee alikuwa anacheka! Aliniambia, 'Mwanangu, jiwe limenistaafisha leo.'"

Inspekta aliandika. Kalamu ilikuwa bado inakwenda vizuri.

"Kwa nini hukumchukua?"

Dereva aliangalia sakafu. "Gari la petroli haliruhusiwi kubeba abiria. Na nilikuwa naelekea kusiko na hospitali. Nikamvuta kivulini, kwenye mdomo wa kalavati, nikamwachia ndoo yake na chupa yangu ya maji. Nikasema nikipata mtandao napiga polisi. Yeye mwenyewe ndiye alinituma. Alisema, 'Waambie jiwe la thelathini na nane, watajua.'"

"Kwenye kilomita thelathini na nane hakuna kalavati," Inspekta alisema. "Nimepafyeka mwenyewe."

"Mimi sijui kilomita. Kalavati lipo, afande. Ukivuka daraja kubwa, mbele kidogo, upande wa kushoto."

Kalamu ilisimama.

"Ukivuka daraja?"

"Ndiyo."

"Daraja liko kilomita hamsini na mbili. Unaniambia uliwahi kufika hamsini na mbili, halafu ukakutana na thelathini na nane?"

"Mimi nakwambia nilichosoma," dereva alisema, na sauti ilianza kumpanda. "Daraja lina jiwe la thelathini na mbili. Ukilipita unahesabu: thelathini na tatu, na nne, na tano. Thelathini na tano mpaka thelathini na saba yalikuwa yanang'aa, yamepakwa siku ile ile. La thelathini na nane lilikuwa jeupe upande mmoja. Hakulimaliza."

"Unasema jiwe."

"Sasa niseme nini? Ng'ambo ya daraja hakuna bati hata moja."

Ilikuwa kweli. Mkandarasi aliyempa fundi kazi alikuwa amefikisha mabati ya bluu darajani, akasimama hapo akisubiri saruji. Na msako wa polisi haukuwa umefika hata darajani, kwa sababu ramani mpya ya kituo ilichorwa kwa kufuata mabati.

Inspekta alinyanyuka akaenda kaunta.

"Koplo. Ile simu ya Jumanne ya wiki iliyopita. Alikwambia kilomita, au jiwe?"

Koplo Mwandiko alikifungua kitabu. Kila ukurasa ulikuwa na mistari iliyochapwa tayari, na kwenye mstari wa mahali herufi KM zilikuwa zimetangulia, zimeachiwa nafasi ya tarakimu mbele yake.

"Alisema jiwe," Koplo alijibu taratibu. "Zamani tulikuwa tunaandika wenyewe, jiwe la ngapi. Vitabu vipya vilipokuja, KM ikaja imechapwa. Mimi nauliza namba, napewa namba, najaza." Alimtazama. "Kitabu hakiulizi jiwe, afande. Kuna nini?"

Inspekta alizisoma tena zile herufi mbili. Alikuwa ameshika ukingo wa kaunta.

Akaenda mahabusu. Fundi alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, amekonda. Hakuinuka.

"Fundi," Inspekta alisema kupitia nondo. "Yale mawe ya mzee. Namba zake ni za nini?"

"Za maili. Zitakuwa za nini?"

"Maili thelathini na nane ni kilomita ngapi?"

Jibu lilitoka kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Sitini na moja na vijimita. Bati lake nimeshalichomea, liko karaka—"

Hakumalizia. Alisimama polepole, akasogea mpaka kwenye nondo.

"Afande. Baba mmemtafuta wapi?"

Inspekta alizitafuta funguo mfukoni.

"Nilikwambia siku ya kwanza. Nilikwambia mzee hafanyi kazi upande huu mwezi huu, yuko mbele huko. Uliandika nini?"

Inspekta alikumbuka alichoandika. Kilikuwa kwenye jalada, ukurasa wa kumi na nne, maneno mawili: Mtuhumiwa anakana.

"Toka," alisema, akafungua mlango. "Twende."

"Mimi ni muuaji. Unanitoa bila pingu?"

"Twende, ndugu yangu."

"Leo nimekuwa ndugu yako," fundi alisema. Lakini alitoka.

Waliondoka watatu, na dereva wa lori akiwa kiti cha nyuma. Inspekta aliendesha mwenyewe. Mabati ya bluu yalipita, safi, yamenyooka, kila moja kazi ya mtu aliyekaa pembeni yake. Kwenye kilomita thelathini na nane majani yalikuwa bado yamelala. Eneo kubwa lilikuwa limefyekwa mpaka udongo. Fundi alilitazama mpaka likabaki nyuma.

"Hapa mlilima kabisa," alisema. "Mngepanda kitu."

Dereva alijikohoza, akaangalia dirishani.

Darajani mabati yaliisha. Inspekta alipunguza mwendo, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba aliyofanya kazi kituo kile, akayatazama mawe. Alikuwa ameyapita kila siku kama visiki. Thelathini na mbili. Thelathini na tatu. Thelathini na nne, limechafuka, lina vumbi la magari. Kisha la thelathini na tano, jeupe kama jino, na namba nyeusi iliyochorwa kwa mkono usiotetemeka. La thelathini na sita. La thelathini na saba.

"Hapo," dereva alisema.

Jiwe la thelathini na nane lilikuwa jeupe upande wa kulia na la kijivu upande wa kushoto. Namba ilikuwa bado imefifia. Majani yalifyekwa nusu duara, yakaishia ukingoni mwa tuta, na pale udongo ulikuwa umemeguka.

Harufu iliwafikia kabla hawajashuka. Dereva alivua kofia akasimama hapo hapo barabarani, hakusogea tena. Fundi alishuka kwanza. Inspekta alitaka kumzuia, maana eneo la tukio haliingiwi ovyo; badala yake akamfuata nyuma.

Mzee alikuwa ndani ya kalavati, kichwa kwenye koti lililokunjwa. Chupa ya maji ilikuwa imesimamishwa kando yake, tupu, na kizibo kimefungwa. Fundi alipiga magoti. Alisema "Baba," mara moja tu.

Inspekta alifanya kazi yake, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo ya kufanya. Alipima kutoka kwenye jiwe hadi pale mguu ulipoteleza, na kutoka pale hadi kwenye kalavati. Hapakuwa na dalili ya mapambano. Njia ya kuburuzwa ilikuwa moja, na ilifanana na maelezo ya dereva hatua kwa hatua. Halafu alimulika ukuta wa ndani kwa tochi, akaona kitu ambacho hakukijua jina la kukiandikia.

Mdomo wa kalavati ulikuwa umepakwa chokaa. Ulipakwa kuanzia chini hadi urefu wa mkono wa mtu aliyelala, pande zote mbili, na kwa upande wa kulia mipako ilikuwa miwili, mmoja juu ya mwingine. Ndoo ilikuwa imekwanguliwa. Mzee alikuwa amejaribu kuonekana kwa njia pekee aliyoijua. Inspekta alipanda juu ya tuta, akasimama katikati ya barabara, akatazama chini. Kutoka pale, kwenye gari, hapakuonekana kitu.

Alishuka tena. "Fundi," alisema.

"Usiniambie kitu."

"Nataka kusema—"

"Najua unachotaka kusema. Usiniambie mimi. Kamwambie binti yake. Mimi nikisema, atadhani nimejitungia ili niachiwe."

Daktari wa wilaya alifika saa saba na gari la kubebea maiti. Alichunguza kwa muda mrefu, akavua glavu, akamvuta Inspekta kando.

"Nyonga peke yake haikumuua," alisema. "Ni kiu, na joto. Chanzo kamili kitatoka kwenye uchunguzi, lakini wewe unataka siku."

"Ndiyo."

"Alhamisi. Labda Ijumaa alfajiri. Jumatano alikuwa hai, hilo naweza kulisimamia popote." Akamtazama. "Kwani Jumatano mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunamtafuta," Inspekta alisema.

Binti wa mzee aliishi nyuma ya karakana, vyumba viwili na kibaraza cha saruji. Inspekta alimkuta anaanika nguo. Binti alimwona, akaiacha shuka ikining'inia kwa kibanio kimoja.

"Karibu, afande. Kesho ni saa tatu, si ndiyo? Nimeshaomba ruhusa kazini."

"Hakuna mahakama kesho, mama. Naomba tukae."

"Niambie nikiwa nimesimama."

Akamwambia. Alianza na jiwe, akaenda kwenye daraja, kalavati, nyonga. Hakujificha nyuma ya kitabu wala nyuma ya Koplo. Alisema, "Mimi ndiye niliyekwenda Jumanne. Nilikwenda mahali ambapo hakuwapo. Namba ilikuwa sawa, kipimo hakikuwa sawa, na mimi sikuuliza." Alikuwa amevua kofia, na hakujua aiweke wapi.

"Nilikupa namba," binti alisema. "Nilikwambia thelathini na tano."

"Ulinipa."

"Baba yangu hajawahi kuwa na kilomita. Alikuwa anapima hata shamba la jirani kwa maili, tunamcheka. Kama ungeniuliza swali moja tu, afande. Moja."

"Ndiyo, mama."

"Alikufa lini?"

Hapo Inspekta aliitazama shuka iliyokuwa ikining'inia.

"Usinipunguzie," binti alisema.

"Alhamisi. Au Ijumaa alfajiri."

Alihesabu. Ilionekana usoni mwake akihesabu, siku kwa siku, kila siku yeye alikuwa anafanya nini. Kisha kitu kingine kikamjia, na Inspekta alikiona kinamjia, na hakuwa na pa kuuweka uso wake.

"Ijumaa ndipo mlimkamata mume wangu."

"Ndiyo."

"Nikaja kituoni na chakula chake. Ukanitoa nje ukaniambia, 'Mama, mkono uliomuua baba yako ndio unataka kuulisha?' Nikarudi nacho. Sikuja tena." Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeuliza bei. "Siku sita. Mume wangu amekula nini?"

Inspekta hakujua. Mahabusu walitegemea ndugu zao. Asiye na ndugu alipewa kilichobaki cha wenzake. Hakuwahi kuuliza hilo pia.

"Sijui, mama," alisema.

Gari la kituo lilisimama nje. Fundi alishuka, bado na nguo za mahabusu mwilini, magoti yamejaa vumbi la kalavati. Alifika kwenye kibaraza akasimama hatua tatu kutoka kwa mkewe. Mkewe hakuinua uso. Alishika ukingo wa ile shuka mbichi na kuanza kuikunja, ikiwa bado inachuruzika.

"Tumempata baba," fundi alisema. "Nimemfunika kwa koti lake."

"Nilikuletea chakula siku ya kwanza," alisema kwa sauti iliyokatika. "Nikarudi nacho."

"Najua. Nilikuona dirishani."

"Uliniona nikirudi?"

"Nilikuona."

Alijifunika uso kwa ile shuka. Fundi hakumgusa, na hakuondoka. Alikaa kwenye ngazi ya kibaraza, akaanza kuvua viatu vyake, ambavyo kamba zake zilichukuliwa mahabusu. Hakuna kati yao aliyemwambia Inspekta aende. Alikwenda mwenyewe, kofia mkononi, akapita upande wa nyuma wa karakana, pale askari wake walipochimba, na shimo lilikuwa bado wazi.

Saa kumi alikuwa mbele ya mkuu wa kituo.

"Andika kosa la mawasiliano," mkuu alisema. "Kosa la mawasiliano kati ya umma na kituo. Yatakwisha."

"Koplo alijaza alichoulizwa na karatasi," Inspekta alijibu. "Dereva alisema kweli. Binti alisema kweli. Mtuhumiwa alisema kweli, nikaandika anakana. Aliyekosea yumo chumbani humu, mkuu, na si wewe."

"Utamwaga unga wako kwa ajili ya jiwe?"

"Naomba karatasi."

Aliandika kurasa nne, kwa mkono, hakuacha kitu. Aliandika saa alizoondoka na saa alizorudi, aliandika maneno aliyomwambia binti kuhusu chakula, akasaini chini ya kila ukurasa. Koplo Mwandiko alipokea, akagonga mhuri, akabaki ameyashika makaratasi hayo bila kuyaweka popote. Macho yalikuwa mekundu.

Maziko ni Jumamosi baada ya saa saba. Fundi yuko nyumbani kwake. Kuanzia Jumatatu jalada, ambalo sasa ni la kuchunguza kituo chenyewe, linachukuliwa na mpelelezi kutoka wilaya nyingine, na Inspekta ndiye shahidi wa kwanza kuitwa.